Tembo wa Kitabuni na Tembo wa Shambani

Siku hizi vipo vitabu vya watoto ambavyo simu ikielekezwa juu ya ukurasa, picha ya mnyama huinuka katika kioo, ikatembea na kutoa sauti kana kwamba mnyama mwenyewe yu mezani. Watungaji wake hutumaini kuwa mtoto akistaajabu atapenda, na akipenda atatunza. Hatua ya kwanza ni rahisi kuamini. Ya pili ina shaka.

Mtoto wa mjini, asiyepata kumwona tembo, hupewa mapenzi yasiyo na gharama. Lakini vijiji kadhaa vya Tarime na Serengeti vimepakana na hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1951. Huko tembo hangoji simu ili ainuke. Huja usiku akala mahindi, na mzazi hukesha shambani akipiga debe. Serikali ina malipo yaitwayo kifuta jasho. Jina lenyewe lakiri kuwa jasho limekwisha kumwagika. Mtoto wa nyumba hiyo ataambiwa nini na tembo mpole wa kitabuni? Akionyeshwa uzuri peke yake, atajua kuwa anadanganywa, na atakitilia kitabu shaka hata kinaponena kweli juu ya mto Mara, ambao nyumbu huuvuka kwa maelfu na watu huteka maji yake.

Basi kioo na kionyeshe pia shamba lililokanyagwa, na baba aliyekesha. Mtoto akiuliza kwa nini mnyama huyo asiuawe, mwalimu asifanye haraka kufunua ukurasa wa pili.