Ni Mvuke Tu?



Wiki iliyopita, jioni, nilikuwa napika chapati. Kabla ya kuweka ya kwanza nikachovya vidole kwenye maji, nikanyunyizia kikaango nione kama kimepata moto. Kumbe kilikuwa kimepitiliza. Tone halikukauka. Lilijikusanya likawa duara kama ushanga, likaanza kukimbia huku na huku. Mdogo wangu wa miaka sita akashangaa: "Kaka, mbona linacheza?"

Nikamjibu bila hata kumtazama: "Ni mvuke tu." Akanyamaza, akatoka jikoni.

Jibu lilikuwa sahihi. Chuma kikiwa na moto wa kawaida, tone linachemka na kuisha haraka. Moto ukizidi sana, sehemu ya chini ya tone inageuka mvuke papo hapo, na mvuke huo unalibeba kama godoro, lisiguse chuma. Yaani kwenye chuma cha moto zaidi, tone linadumu zaidi! Daktari Mjerumani, Johann Gottlob Leidenfrost, aliyaandika haya mwaka 1756, baada ya kudondoshea maji kwenye kijiko cha chuma kilichopashwa moto mpaka kikawa chekundu.

Jioni hiyohiyo mama alirudi kutoka gengeni, akakaa mlangoni bila kuvua viatu. Dogo akauliza mama ana nini. Nikasema, "Amechoka tu," nikarudi kwenye simu yangu. Siku mbili baadaye ndipo nilipojua kwamba siku ile aliibiwa mtaji wake wote.

Kuchoka, kweli alikuwa amechoka. Mara zote mbili sikusema uongo. Lakini lile "tu" lilinizuia kuuliza zaidi, na mama akalia peke yake.

Zamani nilidhani elimu ndiyo inayoua mshangao, na kwamba Mungu anakaa kwenye yale tusiyoyaelewa. Basi kila nilipojifunza kitu kipya darasani, niliona kama Mungu anapungua. Sasa naona sivyo. Leidenfrost alilijua tone kwa sababu alilitazama kuliko wengine. Mimi nililijua jina la kitu nikaacha kukitazama. Huo si ujuzi, ni uvivu wa moyo.

Jumapili, padri alipotia maji kidogo kwenye divai, nilishtuka. Miaka yote nimeona pale tone la maji tu. Kumbe pale Kanisa linatuombea sisi tuunganishwe na Kristo.

Jana niliwasha tena jiko, nikamwita dogo. Tulicheka sana, nikamweleza habari ya mvuke, na hakuacha kushangaa. Kisha nikaenda kukaa mlangoni na mama. Sikuwa na hela ya kumpa. Nikamwambia, "Mama, hebu nisimulie ilikuwaje."

Rafiki, wiki hii nani umemmaliza kwa neno "tu"? Rudi ukamtazame tena.

Ee Bwana, utufumbue macho. Amina.