Mzazi Anapooa Nje ya Kanisa



Tuseme baba yako aliachana na mama yako miaka kadhaa iliyopita, na mahakama ikatoa talaka. Leo anakuita nyumbani na kukuambia kwamba mwezi ujao atamwoa mwanamke asiye wa imani yetu, mbele ya msajili wa ndoa. Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2014 inadai mashahidi wawili, naye anataka wewe, kifungua mimba wake, uwe mmoja wao.

Unarudi kwako kichwa chini. Mkeo anauliza, "Tukienda, tutawaambia nini watoto?" Nawe unajibu, "Nisipokwenda, je, si baba yangu tena?"

Nyote wawili mna haki. Amri ya nne haifutwi kwa sababu mzazi ameteleza. Lakini pia Bwana wetu alifundisha kwamba kifungo cha ndoa hakifunguliwi na binadamu.

Mkumbukeni mwanamke Msamaria pale kisimani (Yohane, sura ya 4). Alikuwa amepata waume watano, na aliyekuwa naye sasa hakuwa mume wake. Yesu alianza kwa kumwomba maji. Kisha alimwambia ukweli wa maisha yake, bila kuuficha na bila kumfukuza. Basi, nasi tufuate njia hiyo.

Kwanza, zungumzeni ninyi wawili kabla ya kumjibu mzazi. Neno moja litoke nyumbani mwenu.

Pili, usiwe shahidi. Usitie sahihi mahali ambapo dhamiri yako inakataa. Mwambie baba ana kwa ana, si kupitia shangazi: "Baba, nakupenda na nitazidi kuja kwako, ila hili siwezi." Kuhusu kuhudhuria tu, Sheria ya Kanisa haina kifungu kinachomtaja mtoto katika hali hii. Mwoneni paroko, mpime pamoja kama kuwapo kwenu kutaonekana kuwa upendo au kibali.

Tatu, msikate undugu. Harusi ni siku moja, lakini baba ni wa maisha. Msalimieni mkewe kwa heshima, na wajukuu wamtembelee babu yao. Wala msimsahau mama yako aliyeachwa. Siku ile huenda yeye ndiye atakayehitaji mgeni zaidi.

Nne, msimhukumu. Mwaka 1981, katika waraka Familiaris Consortio, Papa Yohane Paulo II alieleza kwamba waliotalikiwa na kuoa tena wasijione wametengwa na Kanisa: waalikwe kusikiliza Neno la Mungu, kuhudhuria Misa na kudumu katika sala, hata kama hawapokei Komunyo. Kama kuna shaka kwamba ndoa ya kwanza ilikuwa halali, hilo huamuliwa na mahakama ya Kanisa, wala si na watoto. Mwaka 2015 Papa Fransisko alirahisisha utaratibu huo. Mzazi akiwa tayari, msindikizeni kwa paroko.

Watoto wakiuliza, waambieni kweli kwa maneno machache: babu tunampenda, na ndoa tuliyoahidi mbele ya altare ni ya kudumu. Wataamini zaidi wakiona mnavyoishi ninyi.

Leo jioni, kabla ya kulala, shikaneni mikono na kumtaja mzazi huyo kwa jina mbele ya Mungu.

Mungu azibariki nyumba zenu.