Nasaha kwa Wanaume wa Ufipa Juu ya Shati la Rangi na Unadhifu wa Libasi

Mwezi wa Juni mwaka jana, mahindi yalipokwisha kuvunwa na baridi ya Sumbawanga ilipokwisha kuingia mifupani mwa watu, nilisimama mnadani kando ya turubai la mitumba, nikamwona mwanamume wa makamo, mwenye viganja vilivyokomaa kwa jembe, akichambua rundo la mashati kwa utulivu wa mtu achaguaye mbegu. Aliyapita ya kijivu na ya bluu iliyokoza, moja baada ya jingine, hata akalifikia moja la rangi ya machungwa lenye majani ya kijani, kola yake haijalegea wala kifungo hata kimoja hakijang'oka. Alilinyanyua, akalipima kifuani, akaunyoosha mkono wake mpaka kwenye kifundo, likamkaa kana kwamba fundi aliupima mwili wake. Kisha akatupa jicho kulia na kushoto, akaona vijana wawili wanamtazama na kucheka; akalifukia shati lile chini kabisa ya rundo, akalipia la kijivu lililokwisha kutatuka kwapani. Sikumsemesha, kwa kuwa si adabu kumwingilia mtu katika haya yake. Lakini nasaha hizi, ijapokuwa nazielekeza kwa wanaume wote wa Ufipa, yeye ndiye sababu yake.

Maneno mawili ndiyo yaliyomfanya alifukie, nami nayajua kwa kuwa nimeyasikia tangu utoto. La kwanza husema kwamba rangi ni haki ya wanawake, na mwanamume avaaye maua amejivua uanaume wake. La pili husema kwamba mwenye kujipamba hana jembe. Maneno haya hayalingani kwa uzito; la kwanza ni uzushi mtupu, la pili lina chembe ya haki ndani yake, na insafu hututaka tuyapime mbalimbali.

Nianze na la kwanza. Wazee wa Ufipa, kabla ya nguo za dukani kuenea, walikuwa na pamba yao, hasa katika bonde la Ziwa Rukwa ambako joto huikubali, wakaisokota na kuifuma kwa mtande uliolazwa chini, wakapata nguo nzito yenye kustahimili upepo wa uwanda wetu. Na mfumaji alikuwa mwanamume. Kazi ile ya kuketi kutwa nzima, kuhesabu nyuzi na kuzibana moja juu ya nyingine, ilifanywa na jinsi ile ile ya watu waliofua chuma katika tanuu ndefu ziitwazo malungu, wala hapana aliyesema kwamba uzi umewapunguzia kitu. Misafara ya karne ya 19 ilipopanda bara kutoka pwani, ilichukua marekani, nguo isiyopaushwa iliyopata jina lake kwa nchi ilikofumwa, na kaniki, iliyotiwa nili Bara Hindi; hizo zilikuwa nguo za watu wote, waume kwa wake. Bali watawala wa bara walipodai hongo, yaani ushuru wa njia, hawakuridhika na hizo. Walitaka nguo zenye majina, debwani na sahari na barsati, zenye mistari myekundu na buluu na manjano, nyingine zikiwa zimefumwa Maskati, nao walizitupa mabegani mwao mbele ya watu ili ijulikane nani ni nani. Rangi, basi, katika zama za mababu zetu, ilikuwa alama ya enzi, na mabega iliyokalia yalikuwa ya wanaume.

Haya yetu ya leo mbele ya rangi ina umri mdogo kuliko tunavyodhani. Mapadre Weupe, waliofika Karema mwaka 1885, na ambao jina lao lenyewe limetokana na kanzu zao, walitangulia kufundisha kitabu katika sehemu kubwa ya nchi hii, na mtoto wa shule akaona kwa macho yake kwamba elimu huvaa nyeupe. Ikaja serikali ya kikoloni na kaki yake, ya askari, ya tarishi na ya karani, rangi isiyoonyesha vumbi na inayomfananisha mtu na mwenziwe hata msimamizi asipate tabu ya kuwatofautisha. Babu aliipokea kaptula ya kaki kwa fahari kwa sababu ilikuja na mshahara. Baba akairithi kwa mazoea. Mjukuu anaitetea kama mila ya Kifipa, hali ni sare ya ajira ambayo mwajiri wake amekwisha kuondoka. Hata baada ya uhuru, mwanamume aliyeishughulikia sura yake alitazamwa kwa shaka, na katika Operesheni Vijana, iliyotangazwa na Umoja wa Vijana wa TANU mwaka 1968, ingawa sketi fupi na mawigi ya wanawake ndiyo yaliyopigiwa kelele zaidi, suruali za kubana za vijana wa kiume hazikusalimika. Miaka mingi baadaye Nelson Mandela, ambaye hakuna mwenye akili awezaye kuutilia shaka uanaume wake, alikaa na marais wenziwe akiwa amevaa mashati ya rangi na maua, na wengi wakaiga. Lakini walioiga waliliona shati, wachache waliuona utulivu wa shingo uliolibeba.

Sasa neno la pili. Msafiri Joseph Thomson, aliyepita Ufipa mwaka 1880, aliwaona Wafipa kuwa watu waliojitoa kwa kilimo kupita makabila mengine aliyoyaona, na sifa hiyo twaistahili hata leo, mbele ya mahindi, maharage, ulezi na alizeti ambavyo kwavyo mikono yetu hulisha miji tusiyoijua. Watu wa namna hii hawana budi kumshuku kijana aamkaye saa tatu, akajitazama kiooni mpaka saa nne, akavaa jasho la mama yake; huyo vijana wenziwe humwita bishoo au sharobaro, nami sina la kumtetea. Lakini tumeivuka haki tukaingia dhuluma, maana tumefika mahali ambapo mtu husema "mimi ni mkulima" kana kwamba ukulima ni ruhusa ya kunuka. Nimemwona mzazi akiitwa shuleni kwa ajili ya mwanawe, akaingia ofisini na tope la jana miguuni na shati lisilo vifungo, hali nyumbani ana jingine safi ndani ya sanduku linalongojea sikukuu. Na nimemwona mtoto yule akitazama chini, si kwa ufukara wa baba, kwani watoto wote pale ni wa wakulima, ila kwa kuwa baba hakuona kwamba yeye ni jambo la kuvaliwa.

Hapo ndipo ulipo moyo wa nasaha yangu, na ningependa msomaji akae hapo kidogo. Libasi njema si kitu mtu ajifanyiacho mwenyewe. Ni salamu inayomtangulia. Uendapo msibani, kwenye baraza la wazee, ukweni, kanisani Jumapili au kwa mwalimu wa mwanao, kabla hujafungua kinywa nguo yako imekwisha kumwambia mwenyeji kiasi unachomthamini. Kwa hiyo jambo la kwanza si rangi bali nadhafa: kola iliyosuguliwa kwa sabuni mahali pale inapogusa shingo, kwapa lisilo na alama nyeupe ya chumvi, vifungo vilivyotimia, na mabega ya shati yaangukie pale yalipoishia mabega ya mtu. Shati jekundu lililo safi ni adabu. Jeupe lenye weusi wa shingo ni utovu wa adabu. Kisha litazame jambo uendalo kwalo. Penye msiba maua na yakae nyumbani, kwa kuwa macho ya watu siku hiyo ni ya marehemu. Penye arusi yatoke, kwa kuwa wenye arusi wametuita tuwasaidie kufurahi. Na ukivaa shati lenye mambo mengi, suruali iwe na jambo moja, maana nguo mbili zenye kelele hugombana mwilini mwa mtu kama walevi wawili njiani.

Kuna hofu nyingine ambayo watu wetu huitaja kwa sauti ya chini, nayo ni ya husuda. Jina la Sumbawanga hufasiriwa kuwa ni agizo la kuutupa uchawi, na pamoja na agizo hilo tungali tunao wanaume waogopao kuezeka bati jipya, seuze kuvaa shati jipya, wasije wakatiwa jicho. Siwabezi, kwa kuwa kijicho kipo na kinauma. Lakini mtu akijifanya duni ili jirani asimchukie, amempa jirani mamlaka juu ya mwili wake, na jirani mwenyewe hajui hata kama amepewa. Tena wanaocheka, kama vijana wale wa mnadani, wajue kwamba kicheko chao kimemvisha mtu shati lililotatuka.

Katika habari ya fedha nitasema kwa ufupi. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, katika Kongo zote mbili, wapo watanashati waitwao wasapeur, ambao mwanamuziki Papa Wemba, aliyeanguka jukwaani Abidjan akafa mwaka 2016, aliwatangaza duniani. Wao wana kanuni ya kutopita rangi tatu katika vazi moja, na kanuni hiyo naipenda na kuinakili. Lakini miongoni mwao wamo walalao njaa ili walipe deni la viatu, na hiyo ni israfu. Ukiuza magunia yako mwezi wa Julai, ada ya shule na mbolea vitangulie, kisha mke na watoto wavae, kisha wewe. Sijaona fedheha iliyo wazi kuliko mume aliyepigwa pasi akitangulia njiani, na nyuma yake mke mwenye kanga iliyopauka, amebeba mtoto asiye na sweta katika baridi ya mita 1,800 juu ya bahari. Na pasi hiyo, ndugu yangu, nani aliipuliza mkaa? Mwanamume apendaye kupendeza na ajifulie mwenyewe. Unadhifu unaosimama juu ya mgongo wa mwingine si unadhifu wake.

Nina mpwa wangu, mwalimu wa shule ya msingi upande wa Laela, ambaye nilimshoneshea shati la kitenge cha kijani chenye maua ya manjano. Fundi wake alikuwa mtu wa kazi kwelikweli, kwani alikataa kukata mfuko wa kifuani mpaka alipokipata katika kitambaa kipande ambacho nusu ya ua lake ingeangukia sawasawa juu ya nusu iliyopo kifuani, hata mfuko ulipokwisha kushonwa nilihitaji kuupapasa kwa kidole ili nijue ulipo. Kijana alipolipokea alishukuru kwa adabu, kisha akasema, "Mjomba, hili nikilivaa watu watasema nini?" Nilimwuliza ni watu gani, akanyamaza. Nikapata habari baadaye kwamba kipupwe chote alilivaa chini ya sweta lililofungwa mpaka kooni.

Mwezi wa Septemba, baridi ilipolegea, alinipigia simu. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani hakuniuliza tena watu watasema nini. Aliniuliza afanyeje ili manjano yake isififie. Nikamwambia alifue peke yake, kwa maji baridi na sabuni kidogo, asiliroweke usiku kucha kama anavyoroweka suruali za shamba. Alikung'ute, aligeuze ndani nje, alianike kivulini, kwa maana jua la huku juu, hata siku ya upepo wa baridi, hula rangi upesi. Na apigapo pasi apige kwa ndani vilevile, akianza na kola.