Jino la Kumi na Tano

Sproketi haitengenezi nguvu. Fundi yeyote wa pikipiki hapa Dodoma atakwambia hivyo bila kufungua kitabu: nguvu inatoka kwenye injini, na injini ni ile ile. Kazi ya sproketi ni kuamua nguvu hiyo itumike wapi. Ukiongeza jino moja mbele, pikipiki inatulia kwenye tambarare lakini inachoka mlimani. Ukipunguza jino, inapanda mlima bila kulalamika, kisha inapiga kelele tambarare yote. Anayekwambia kuna seti inayokupa vyote viwili anataka kukuuzia hiyo seti.

Nimeliwaza jambo hili kwa wiki tatu, kwa sababu ya pikipiki moja yenye madereva wawili.

Pikipiki ni yangu, ya sisi 125, niliyoinunua kwa mshahara. Jumatatu hadi Ijumaa anaiendesha mdogo wangu. Anabeba abiria mjini, na anachopata kinamlipia ada ya kozi ya umeme wa majumbani na kodi ya chumba chake kule Nkuhungu. Jumamosi inarudi kwangu. Naipeleka Manyoni kwa mama, karibu kilomita 130, na Jumapili narudi nayo.

Barabara ya Manyoni inamfaa mtu anayetaka kutulia. Ukishaipita Bahi, ardhi inalala kabisa, lami imenyooka, na unaweza kushika resi ile ile mpaka ukasahau kwamba umeishika. Tatizo ni kwamba injini ndogo haikuachi usahau. Ukifika kilomita 70 kwa saa kwenye gia ya juu kabisa, unatamani gia nyingine moja ambayo haipo. Mtetemo unapanda kwenye usukani, na baada ya saa moja mikono inakufa ganzi. Ndipo mtu anapoanza kuwaza sproketi.

Hesabu yake ni nyepesi. Pikipiki yetu ina meno 14 mbele na 42 nyuma, maana yake sproketi ya mbele inazunguka mara 3 ili tairi lizunguke mara 1. Ukiweka meno 15 mbele, inazunguka mara 2.8. Kwa mwendo ule ule, injini iliyokuwa inazunguka mara 6,000 kwa dakika sasa itazunguka 5,600. Tofauti hiyo mikono inaihisi. Lakini nguvu ya kusukuma tairi nayo inashuka kwa kiasi hicho hicho: palipokuwa na sehemu 15 za msukumo, zinabaki 14. Na Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, kwa hiyo injini ya kabureta inakuwa imeshapoteza karibu asilimia kumi ya nguvu yake kabla hujagusa chochote.

Kwangu mimi, gharama hiyo inalipika. Nitailipa nikimaliza tambarare na kuanza kupanda ukingo wa Bonde la Ufa kabla ya Manyoni. Nitailipa pia Jumapili nikirudi, wakati wa kiangazi, upepo wa mashariki uliokuwa ukinisukuma mgongoni unapokuja kunipiga kifuani. Nitashusha gia, nitavumilia, nitafika.

Barabara ya mdogo wangu ni nyingine. Siku yake nzima ni kusimama na kuondoka. Anaondoka na abiria mwenye kiroba cha unga, kwenye mchanga wa vichochoro ambavyo havijawahi kuona lami. Anapandisha wanafunzi kuelekea UDOM, chuo kilichojengwa kwenye vilima. Kwake jino la ziada ni klachi inayoachiwa taratibu zaidi kila anapoondoka, na kwa siku anaondoka mara nyingi kuliko mimi kwa mwezi. Pleti za klachi zitaisha mapema. Mafuta ya mjini yataongezeka. Yaani utulivu wangu wa Jumamosi atakuwa anaulipia yeye kuanzia Jumatatu, kidogo kidogo, kwa kiasi ambacho hakuna mtu atakayekiona.

Nilimweleza yote haya kabla ya kununua chochote. Akanijibu, "Weka tu kaka, nitazoea."

Mtu mwingine angeishia hapo. Mwenye mali ameuliza, mtumiaji amekubali, biashara imeisha. Lakini neno "nitazoea" lilinikaa kichwani kuliko neno "hapana" ambalo angeweza kunijibu. Amartya Sen, mwanafalsafa na mchumi mzaliwa wa India aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1998, ameeleza kwamba watu walioishi muda mrefu katika uhaba hupunguza matamanio yao mpaka yalingane na kile wanachoweza kupata. Ndiyo maana kuridhika kwao si kipimo kizuri cha haki. Mtu anaweza kusema ameridhika kwa sababu kutoridhika ni gharama asiyoimudu. Mdogo wangu si fukara, na mimi si mtesaji. Lakini funguo za pikipiki zinatoka mfukoni mwangu. Mtu anayepokea funguo kwako kila Jumatatu hakubali kwa namna ile ile anavyokubali mtu mwenye funguo zake.

Haki yangu nayo ipo, na sitaki kuipuuza ili nionekane mwema. Pikipiki nimeinunua mimi. Na utulivu si anasa tupu: dereva mwenye mikono iliyokufa ganzi, kwenye barabara ya malori ya mizigo, ni hatari kwake na kwa wengine. Kaka anayejinyima kila kitu kisha akaanza kuhesabu kimyakimya alichojinyima hamsaidii mdogo wake. Anamfungulia deni.

Fundi, kama mafundi wote wazuri, alileta njia ya katikati. "Kiongozi, acha 14 mbele, nyuma toa 42 weka 40. Kila mtu apate kidogo." Uwiano unakuwa takriban 2.86, katikati ya wangu na wake. Nikamuuliza kuhusu kubadilisha kila Ijumaa jioni. Akasema inawezekana, kazi ya nusu saa, ila cheni na sproketi huzeeka pamoja, na ukizichanganya hovyo zinalana.

Njia ya katikati ina sura ya haki. Lakini Aristotle alishaionya sura hiyo. Anasema kama ratili kumi za chakula ni nyingi na mbili ni kidogo, haina maana kwamba sita ndicho kipimo cha kila mtu: kwa Milo, mpiga mieleka mashuhuri, sita ni kidogo, na kwa anayeanza mazoezi ni nyingi. Katikati ya namba na katikati ya watu ni vitu viwili. Mimi naitumia pikipiki saa nne kwa wiki, kwa kwenda kumwona mama. Yeye anaitumia siku tano, kwa kula. Tukigawana meno nusu kwa nusu, tutakuwa tumegawana namba tu.

Basi nikalibadilisha swali. Sikumuuliza tena kama atazoea. Nilimuuliza: "Pikipiki ingekuwa yako, ungeweka meno mangapi mbele?"

Hakufikiri hata kidogo. "Kumi na tatu," akasema, kisha akacheka.

Usiku ule nilirudi kwenye karatasi ya hesabu, safari hii nikitafuta kitu ambacho mwanzoni sikukitafuta: ninapoteza nini nikiacha 14? Ili injini izunguke mara 5,600 nikiwa na meno 14, natakiwa niende kilomita 65 kwa saa badala ya 70. Utulivu ni ule ule niliokuwa nautafuta kwa jino la kumi na tano. Na kilomita 130 kwa mwendo wa 65 zinachukua takriban dakika nane zaidi.

Dakika nane. Wiki tatu nilikuwa napima kama nimhamishie mdogo wangu mzigo wa wiki nzima, na kwa upande wangu mzani ulikuwa umebeba dakika nane za Jumamosi. Hesabu hiyo isingenijia kama ningeridhika na "nitazoea", kwa sababu nisingekuwa na haja ya kuitafuta.

Vijana wa rika langu tunazungumza sana siku hizi juu ya kutulia, na tuna sababu. Tumelelewa na nchi yenye maneno mengi ya kukimbia. Mwalimu alitaka tukimbie wakati wengine wanatembea, na mwaka 2015 tukaambiwa hapa ni kazi tu. Tumechoka, na kutaka kupumzika si uvivu. Lakini nikitazama nyumba nyingi za wenzangu waliohamia Dodoma kwa ajili ya kazi za serikali, naona utulivu ukiwa na namna yake ya kupatikana. Sisi tunalala mpaka saa moja kwa sababu dada wa kazi ameamka saa kumi na moja. Hatuna wasiwasi usiku kwa sababu mlinzi amekaa getini kwenye baridi ya Julai. Ukiwauliza, watakujibu kwa upole kwamba wameshazoea. Nasi tunalipokea jibu hilo kama risiti.

Sisemi kila mtu aamke saa kumi na moja. Nasema mzigo uliotoka kwako haukuyeyuka, na kabla ya kumpa mtu mwingine jino lako la ziada, angalia kwanza kama kukipunguza kidogo unachokidai hakutakupa pumziko lile lile. Mara nyingine hakutakupa. Kuna milima ambayo lazima mtu aipande, na mtu huyo alipwe vizuri kwa kuipanda. Mara nyingine ni dakika nane.

Sproketi ya meno 15 sikuinunua. Ila jibu la mdogo wangu halikuwa 14. Lilikuwa 13, na kwa meno 13, ili injini yangu itulie vile vile, itabidi niende kilomita 61 kwa saa. Hilo bado hatujalimaliza. Cheni iliyopo imeshaanza kulegea, na kabla ya mwaka kuisha tutabadilisha seti nzima. Siku hiyo tutakwenda kwa fundi wote wawili, na mdogo wangu ndiye atakayezungumza kwanza.