Haki ya Mwili Kwenye Foleni ya Malaba

Dereva anayetoka bandari ya Mombasa huwa amekata zaidi ya kilometa 900 kabla hajaiona Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda. Hapo mwendo hukwama. Trela hupangana nyuma ya trela, na foleni husogea wakati wowote, saa nane mchana au saa tisa usiku, na anayepitiwa na usingizi hupitwa na wenzake. Juu ya dashibodi, kando ya karatasi za forodha, kuna bahasha ndogo ya duka la dawa iliyoandikwa kwa kalamu: 1 x 2. Kimoja asubuhi, kimoja jioni. Kwa mtu aliyelala mchana na kukesha usiku kucha akisukuma gari mita chache chache, jioni ni saa ngapi?

Swali hilo ni la daktari, lakini pia ni la shehe na la mchungaji.

Mwili una saa yake. Ndani ya ubongo, juu kidogo ya mahali mishipa ya macho inapopishana, kuna kifundo cha seli zipatazo 20,000 kinachopokea habari za mwanga na kuupangia mwili mchana na usiku. Ini, figo na utumbo navyo vina saa zake. Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2017 kwa kueleza jinsi jeni zinavyoiendesha saa hiyo, kazi waliyoifanya kwa kuchunguza inzi wa matunda. Kwa anayemeza dawa, jambo hili lina uzito. Tumbo hupitisha chakula upesi zaidi asubuhi kuliko jioni, na figo huchuja zaidi mchana. Ndiyo maana kidonge kilekile chaweza kuleta kiwango kimoja kwenye damu kikimezwa asubuhi na kiwango kingine kikimezwa usiku. Theofilini, dawa ya zamani ya pumu, huingia kwenye damu polepole zaidi ikimezwa usiku. Predinisoloni, dawa ya steroidi, hutolewa asubuhi, wakati homoni ya mwili inayofanana nayo imepanda. Simvastatini, dawa ya kolesteroli, huandikiwa jioni, kwa kuwa ini hutengeneza kolesteroli nyingi usiku na dawa yenyewe haikai sana mwilini.

Sasa mweke dereva huyo katika mwezi wa Ramadhani, naye ana sukari. Malaba iko karibu kabisa na ikweta, kwa hiyo saumu yake ni ya zaidi kidogo ya saa 13 mwaka wowote ule, haina siku fupi za kukimbilia. Akimeza glibenklamidi, dawa ya sukari, wakati wa daku, dawa itaendelea kuihimiza kongosho itoe insulini mchana kutwa huku tumbo likiwa tupu. Sukari ikishuka ghafla akiwa kwenye usukani, hatari ni yake na ya kila aliye barabarani. Ndiyo sababu madaktari huihamishia dozi kubwa kwenye futari na kuipunguza ile ya daku, au humwambia mgonjwa asifunge kabisa. Na Kurani yenyewe, katika aya ya 184 ya sura ya al-Baqara, imewataja pamoja mgonjwa na msafiri kuwa ndio wenye ruhusa ya kufunga siku nyingine. Dereva wa Malaba ni wote wawili. Hata hivyo wapo wanaoiona ruhusa hiyo kama aibu, wakaficha vidonge na kufunga.

Kuna mafundisho ya Mtume yanayofaa kukumbukwa hapa. Sahaba wake Abdullah bin Amr alikuwa akifunga kila siku na kusali usiku kucha, naye Mtume akamrudisha kwenye kiasi, akimweleza kwamba mwili wake una haki juu yake, na macho yake pia. Hiyo ni kauli nzito. Mwili umepewa cheo cha mdai, wala si punda wa kubebea roho. Sayansi ya saa ya mwili imeongeza jambo moja tu: deni hilo lina wakati wake wa kulipwa.

Upande wa makanisa hali haiko mbali. Kesha la Ijumaa, la nyimbo na maombi hadi alfajiri, ni sehemu ya ibada ya Wapentekoste wengi mpakani. Mwenye presha au anayetumia ARV anaweza kukesha na dawa yake mfukoni, mradi aimeze. Mhubiri anayemwambia aitupe ili kuthibitisha imani anamnyang'anya kitu ambacho hakukitoa yeye.

Lakini tusiipe saa utukufu kupita kiasi. Kwa miaka kadhaa ilidhaniwa kwamba dawa za presha zikimezwa usiku huokoa maisha zaidi. Utafiti ulioongozwa na Chuo Kikuu cha Dundee, Scotland, ukihusisha wagonjwa 21,104 na kuchapishwa mwaka 2022, haukuona tofauti yoyote ya maana kati ya asubuhi na jioni katika mishtuko ya moyo, viharusi na vifo. Kwa dawa hizo, saa bora ni ile mgonjwa anayoweza kuishika.

ARV zimepita njia hiyohiyo. Efavirenzi iliyotumika Kenya kwa miaka mingi ilimezwa wakati wa kulala, tumbo tupu, ili kizunguzungu chake kimkute mtu usingizini. Chakula chenye mafuta huipandisha kwenye damu. Kwa dereva anayekula nyama ya kukaanga saa nne usiku kisha akaitwa asogeze lori, agizo hilo halikutekelezeka, na wengi waliitwa wakaidi kwa sababu hiyo. Dolutegraviri, iliyoanza kutolewa nchini mwaka 2017, humezwa saa yoyote, pamoja na chakula au bila chakula. Sharti lake ni jingine: baadhi ya dawa za kiungulia ambazo madereva hununua kiholela huizuia isiingie kwenye damu, kwa hiyo imezwe saa mbili kabla yake au saa sita baadaye.

Hapo ndipo lawama inapohitaji kugawanywa upya. Mwaka 2020, madereva walipolazimika kusubiri majibu ya vipimo vya korona, foleni ya Malaba ilirefuka kwa makumi ya kilometa na watu wakalala kebini siku kwa siku. Mtu aliyenyimwa usiku wake hawezi kudaiwa peke yake haki ya mwili wake. Mwenye lori aliyempangia muda wa kufika anadaiwa pia, pamoja na forodha zinazopanga foleni, na kliniki inayoandika 1 x 2 bila kumuuliza analala saa ngapi.