Mficha Uchi Hazai

Picha iliyo ndani ya methali hii ni ya chumba cha kujifungulia. Mama ameshikwa na uchungu, mkunga yuko mbele yake, mlango umefungwa. Yuleyule ambaye jana alijifunga leso mbili kwenda kisimani, leo anazifungua. Haya haijamtoka. Anajua tu kwamba haya ina mahali pake, na kwamba mtoto hapiti kwenye nguo.

Wengi huifasiri kwa mkato: ukiwa na shida, sema. Lakini methali haimtumi mtu akajivue sokoni. Uchi hufunuliwa kwa mmoja, kwa saa moja, kwa ajili ya kitu kinachotaka kutoka. Ndugu yake, "mficha maradhi kifo humuumbua", hutisha. Hii yetu inaahidi uzazi, ndiyo maana naipenda zaidi.

Ichukue uende nayo Kiboko, Kaunti ya Makueni, pale malori ya Mombasa yanapounguruma usiku kucha na watafiti wa kilimo wanajaribu mahindi yanayostahimili ukame. Mfikirie mkulima wa ndengu aliyeachwa na mvua, akabaki na deni la mbegu. Ameingia zahanati na daftari lake la kurasa 32. "Kichwa, daktari. Na mgongo. Na moyo unanidunda." Akapimwa malaria, akapimwa taifodi, akapewa dawa za maumivu. Mwezi uliofuata yaleyale. Daftari linajaa, na hakuna ukurasa unaosema kwamba huamka saa tisa usiku akatazama mabati mpaka jogoo awike, wala kwamba chakula hakina ladha tangu msimu uliopita. Hakusema uongo: kichwa kinamuuma kweli, maana sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito, huongea kwa mwili. Ila ameonyesha mkono, tumbo akalifunika.

Daktari aliyefichwa jambo hutibu kivuli. Efavirenzi, dawa iliyotumiwa miaka mingi na wenye virusi vya Ukimwi, inaweza kuzidisha huzuni. Tezi ya shingo ikilegea huleta uzito wa moyo unaofanana na sonona. Na mwenye vipindi vya kuchangamka kupita kiasi, akipewa dawa za sonona peke yake, anaweza kupandwa na hali mbaya kuliko ile aliyokuja nayo. Yote hayo hujulikana kwa kuuliza na kujibiwa.

Basi lawama zote ni za mfichaji? Hapana, na hapa nadhani tumekuwa wepesi mno kuitumia methali kama fimbo. Mama alifungua leso kwa sababu mlango ulifungwa. Kwetu mlango ulikuwa wazi: kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kilimhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, hadi Mahakama Kuu ilipokitangaza kuwa kinyume cha Katiba tarehe 9 Januari 2025. Nani angejifunua mbele ya mkunga aliyesimama na askari?

Makueni yenyewe imejaribu kuurudishia mlango. Profesa David Ndetei, Dkt. Victoria Mutiso na wenzao, wakitumia mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, walifundisha wahudumu wa zahanati kutambua sonona. Waliwaketisha pia waganga wa kienyeji na viongozi wa dini pamoja na wahudumu wa afya. Walifanya vyema, kwa sababu huko ndiko wengi hujifunua kwanza: mganga huuliza habari za ndoa, za shamba, za marehemu, wala hana haraka.

Zahanatini kuna dodoso la maswali 9 juu ya wiki 2 zilizopita: usingizi, hamu ya kula, uchovu. La tisa linauliza kama katika wiki hizo mtu ameona afadhali afe. Hujibiwa upesi, "hapana," macho yakiwa sakafuni.

Muuguzi anayejua kazi yake haendelei. Huinuka, akaufunga mlango, foleni ikabaki nje. Husogeza kiti upande wa mgonjwa, akaweka kalamu chini, akauliza tena kwa Kikamba, polepole. Mzee hulikunja daftari lake, akalikunjua, akalikunja tena.

"Daktari," anasema, "si kichwa."