Deni Letu kwa Shangazi

Amri ya Mungu yatuagiza kuwaheshimu baba na mama; shangazi hakutajwa. Basi mtu aweza kuuliza: Shangazi aliyekaa nyumbani mwetu miaka mingi, akatulea, kisha akafa bila kuacha mtoto wa tumbo lake, je, twawiwa naye nini? Wengine hujibu upesi: Tumemlilia, tumemzika, tumewalisha waliokuja matangani, deni limekwisha. Mimi naona kwamba hapo ndipo deni linapoanza, nami nataka kuonyesha sababu.

Kwanza tutazame mahali petu. Waha ndio wenyeji wa nchi hii. Lakini hapa Rusimbi, na Ujiji kote, nyumba nyingi ni za watu ambao babu zao walitoka kwingine. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo ilikoma hapa ziwani, wakafika Waarabu na watu wa pwani. Na kutoka ng'ambo ya ziwa wakaja Wamanyema, Wabwari, Wagoma na Wabembe. Wengine walikuja kwa biashara, wengine walikimbia vita, na wengine waliletwa wamefungwa. Reli ilipofika Kigoma mwaka 1914 wageni wakaongezeka tena. Na mtu anayehama hawezi kubeba makaburi ya wazee wake, wala mto aliooga utotoni. Hubeba majina na habari tu; na aghalabu mwenye kuzitunza ni mwanamke mmoja mzee.

Kwetu alikuwa shangazi, dada yake mkubwa baba yangu. Wazee wetu walivuka ziwa kwa mtumbwi kutoka Ubwari. Shangazi alipita miaka tisini, akawazika ndugu zake wote. Kila mtoto alipozaliwa, watu walimngoja yeye aseme jina. Naye hakutoa jina bila kusimulia habari za mwenye jina wa kwanza: huyu alikuwa mvuvi, huyu mhunzi, huyu aliuawa na mamba. Jioni, akichambua dagaa katika ungo, alitutajia vijiji vya ng'ambo kimoja kimoja, kama mwalimu atajavyo mito ya nchi. Vijana wawili wakitaka kuoana, yeye ndiye aliyejua kama ni ndugu. Siku alipozikwa, mtoto mmoja aliuliza jina la mama yake babu. Wazee wakatazamana, wala hapakuwa na wa kumjibu.

Lakini hapa pana jambo gumu. Shangazi hakusema yote. Palikuwa na bibi mmoja katika ukoo wetu, na kila tulipouliza ametoka wapi, shangazi alijibu, "Aliletwa," kisha akanyamaza. Neno hilo moja lilitosha. Biashara ya watumwa ilipita Ujiji. Na ingawa sheria iliukomesha utumwa katika Tanganyika mwaka 1922, aibu haikukomeshwa na sheria. Watu waliificha asili yao ili watoto wasidharauliwe barazani, wala wasikataliwe katika posa. Je, ni haki kumkumbuka shangazi kwa kulifunua alilolifunika?

Wako wasemao, Siri ya marehemu na izikwe pamoja naye. Neno hili lina heshima ndani yake, wala silidharau. Lakini yatupasa kutofautisha. Kosa la mtu ambalo amelitubia, hilo tulizike. Bali kutekwa si kosa lake aliyetekwa. Ni kosa la mtekaji. Tukilificha kana kwamba ni aibu yetu, twamhukumu bibi yule mara ya pili.

Tukumbuke habari za Yehosheba. Yeye alikuwa shangazi yake Yoashi. Athalia alipowaua wana wa mfalme, Yehosheba alimwiba mtoto yule, akafichwa katika nyumba ya Bwana miaka sita. Alificha ili aokoe. Na wakati ulipotimia mtoto alitolewa mbele ya watu wote. Hivyo ndivyo nionavyo kimya cha shangazi yetu. Alinyamaza ili kutulinda tulipokuwa wadogo. Sasa tumekuwa watu wazima, nasi twaweza kulisema jambo lile kwa heshima, nyumbani mwetu, mbele ya watoto wetu.

Basi deni hili hulipwaje? Kwanza, kwa kuuliza mapema. Wengi wetu twajua kusoma na kuandika, na daftari si ghali. Tuyaandike majina, na vijiji, na sababu ya kuhama. Tuandike pia ukali wake na makosa yake madogo, maana mzee anayesifiwa tu hatambulikani tena na waliomjua. Debora, mlezi wa Rebeka, alihama pamoja na bibi yake, akafa ugenini, akazikwa chini ya mwaloni karibu na Betheli. Na mti ule ukaitwa kwa jina la kilio. Hatusomi kwamba alikuwa na mtoto, lakini watu wa nyumba ile hawakukubali apotee.

Pili, hulipwa kwa mgeni, na hili ndilo kubwa. Mwaka 1972 watu wengi walikimbia kutoka Burundi, na tena mwaka 1993. Na mwaka 1996 wengi walitoka Kongo, wakavuka ziwa lile lile walilovuka wazee wetu, na kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa huko Kasulu. Mtu asiyejua kwamba bibi yake aliletwa ni mwepesi wa kulitaja neno "mkimbizi" kama tusi. Lakini anayejua, atafungaje mlango? Mtu wa kwanza kutufungulia sisi mlango hapa pwani ya ziwa hakutuuliza ukoo wetu.

Ndugu msomaji, kama unaye shangazi aliye hai, usingoje matanga ndipo umsifu. Nenda kwake juma hili, uketi, umwulize. Akisema, andika, akinyamaza, mvumilie. Na kama amekwisha kulala, mtazame jirani aliyefika jana na mzigo wake kichwani, umkaribishe kwa jina la yule mzee.